Nyumba Iliyozungumza kwa Mifuniko

Nyie mabinti mnaolea watoto wa watu, na nyie mliozaa wenu juzi mkaanza kuhangaika, kaeni niwaambie. Cheti sina. Shule niliacha darasa la tatu kule Kondoa kwetu Warangi, nikaja Arusha juu ya lori la vitunguu kufanya kazi za ndani, sijui hata kuwasha jiko la mafuta. Leo nina nyumba Olasiti niliyojenga mwenyewe, nina shamba la migomba Kikwe, na mjini hapa kuna wanaume wenye vitambi na magari ambao neno lao la kwanza walilitamka wakiwa wamekaa mapajani mwangu. Wakiniona barabarani wananipa shikamoo ya haraka haraka wapite. Wanajua nakumbuka na mengine waliyoyafanya wakiwa mapajani hapo hapo.

Watu wengi wanadhani maneno ya mtoto huota kama meno. Unakaa, unasubiri, siku moja yametoka. Meno sawa. Maneno lazima kuna mtu ameyatia, na kama hakuna aliyetia, hakuna kitakachotoka. Hiyo ndiyo siri yangu ya miaka yote, na nimekupeni bure hapa mwanzoni. Asiye na subira anaweza kuondoka sasa.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Kidawa wa Kaloleni, mke wa fundi cherehani, watu wenye asili ya pwani. Mwanamke yule alikuwa na maneno kuliko redio. Alikuwa na mtoto mchanga anaitwa Saidi, na mimi ndiye yaya. Wiki ya kwanza alinikuta nambadilisha mtoto nepi kimya kimya, kama mtu anayefunga mzigo.

"Wewe Mrangi," akaniambia, "hilo ni gunia?"

"Hapana, mama."

"Basi mwambie unamfanya nini."

"Haelewi."

"Na wewe ulipoingia humu ndani ulikuwa unaelewa nini? Mbona tulikusemesha?"

Kweli walinisemesha.

Msidhani Bi Kidawa alikuwa na nyimbo za watoto au hadithi za sungura. Alichokuwa nacho ni malalamiko. Alimwogesha Saidi huku akimshitakia baba yake. "Tunanawa uso. Uso huu anao na baba yako, ila yeye haunawi. Yuko wapi? Kalala. Watu wako sokoni saa hizi, yeye kalala." Mtoto anamkodolea macho, anafuatilia mdomo wa mama yake kama mtu anayeangalia mpira. Kila siku maji yale yale, kitambaa kile kile, malalamiko yale yale. Basi siku moja baba mtu ana wageni wa heshima sebuleni, wamekuja kwa mambo ya posa. Saidi akaingia anatambaa, akajishika kwenye goti la baba yake, akasimama, akamtazama usoni, akasema wazi kabisa: "Kalala."

Wageni walicheka mpaka wakamwaga chai. Bi Kidawa akasema mtoto ameanza vizuri, ameanza na ukweli.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi. Si lazima useme vitu vizuri. Sema unachofanya, sema kitu kilicho mkononi mwako, msemee mtoto usoni anakuona mdomo, na usibadilishe maneno kila siku kana kwamba unahutubia. Mtoto anapenda kurudiwa. Sisi wakubwa ndio tunaochoka.

Jambo la pili pia alinifundisha yeye, na alinifundisha kwa kunipiga kofi la mkononi. Saidi alikuwa akinyoosha kidole tu, mimi nimeshampa kikombe. Akigeuza macho kwenye ndizi, ndizi imeshamenywa. Nilijiona yaya bora Kaloleni nzima. Bi Kidawa akanitazama wee, kisha paa, kofi.

"Unampa kabla hajaomba. Sasa aseme ya nini?"

Tangu siku hiyo nikajifunza kukishika kikombe. Unakishika, unamwangalia mtoto, unasema "maji," halafu unafunga mdomo. Unasubiri. Kusubiri huko ndiko kunakowashinda mabinti wa siku hizi, maana mkikaa kidogo bila kufanya kitu mkono unatafuta simu. Mtoto ataguna, atasema "ma," atasema "ba," hata akitoa sauti ya mbuzi mpe, na ukimpa umwambie, "Ndiyo, maji. Maji ya baridi." Usimcheke wala usimwambie amekosea. Mrudishie neno likiwa limenyooka, basi. Kesho atakuja karibu zaidi.

Baadaye nilipofungua kituo changu Olasiti, nikilea watoto wa akina mama wanaokwenda sokoni na maofisini, nilikutana na kila aina ya elimu ya mjini. Alikuwepo bibi mmoja aliyekataza mjukuu asipewe mayai, eti mtoto akila mayai anachelewa kusema. Mayai yalikuwa yanaletwa kila asubuhi kwa ajili ya mtoto, na kila asubuhi bibi aliyala yeye, kwa uchungu, ili kumwokoa. Yeye mwenyewe alikuwa haishiwi maneno, kwa hiyo nikamwambia labda aongeze mengine, huenda naye akachelewa kusema tukapumzika. Alikuwepo pia baba aliyeniletea mtoto pamoja na simu, akaniambia mtoto anajifunza mwenyewe kwenye katuni. Kweli alikuwa amejifunza. Aliimba Kiingereza cha puani tangu mwanzo mpaka mwisho, lakini ukimuuliza "unataka uji?" anakutazama kama umemtukana. Katuni haimsubiri mtoto, wala haimjibu. Katuni na Bi Kidawa ni watu wawili tofauti.

Haya, sasa nije kwenye la Kikwe, maana ndilo lililonifanya niwakalishe hapa.

Magoti yalipokataa kubeba watoto nilifunga kituo nikahamia shambani Kikwe, nikisema sasa napumzika. Jirani yangu upande wa mfereji ni Mzee Eliya, Mmeru wa zamani, Mlutheri asiyekosa ibada, mfugaji, mjane. Anaishi na Upendo, mke wa mwanawe, na mjukuu wake Elisha. Mwanawe, Joeli, ni mpishi wa watalii wanaopanda milima, kwa mwezi yuko nyumbani siku chache tu.

Nyumba nzuri ile. Uwanja umefagiliwa, ng'ombe wana shibe, na kimya. Nilipokwenda kujitambulisha, mimi Mama Mwajuma jirani mpya, Upendo aliniamkia kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mama," akatoweka. Elisha akaja akainamisha kichwa nimguse, kama watoto wa huku wanavyowasalimu wakubwa. Nikamgusa. Nikamuuliza, "Hujambo, bwana?" Akanitazama. Mtoto mnene, mwenye afya, amepita miaka miwili na nusu, anakimbiza ndama. Neno hakuna.

"Hasemi," akasema Mzee Eliya.

"Hasemi kabisa?"

"Mtoto ana heshima."

Nikanywa chai nikiangalia mambo ya nyumba ile, maana macho ya kazi hayastaafu. Ndipo nikasikia kutoka jikoni, ko, mfuniko wa sufuria umegongwa. Mzee akanyanyuka akaenda kuchukua chai yake ya pili. Baadaye kidogo, ko ko. Mzee akanawa mikono, chakula kimeiva. Yeye akitaka kitu alikohoa, na kila kikohozi kilikuwa na maana yake. Kimoja cha maji, kimoja cha fimbo, na kile kirefu cha kutoa taarifa kwamba ng'ombe wameingia migombani.

Mnisikilize vizuri, maana nyie wa mjini hamjui. Wako watu huku chini ya mlima wanaoshika mila kwamba mke wa mtoto hapigi maneno mbele ya baba mkwe. Wengi siku hizi wanaiacha au wanailegeza. Mzee Eliya hakulegeza, na Upendo alilelewa na bibi aliyeishika, kwa hiyo alipoolewa alifunga mdomo siku ile ile na wote wawili wakaridhika. Zamani haikuwa na shida, maana boma lilijaa wake wenza, mashangazi na watoto wanaogombana. Maneno yalitoka kila upande. Sasa boma limebaki watu watatu. Mzee ana mguu mbovu, anashinda barazani, na nyumba ni ya mbao, ukipiga chafya chumbani anasikia. Mama hasemi kwa sababu babu yupo. Babu hasemi na mtoto kwa sababu mtoto hana la maana la kujibu. Heshima ilikuwa imewabana wote mpaka kwenye koo.

Na Elisha? Siku ya tatu nilimwona amechukua kijiko, akaenda kwenye mfuniko, ko ko. Babu akanawa mikono. Mtoto akaketi, akakohoa kidogo, mama akaleta kikombe cha maziwa.

Nikamfuata Upendo mferejini tulipokuwa peke yetu.

"Mwanangu, mtoto wako anasema. Anasema lugha ya nyumba yenu, na anaisema vizuri kuliko nyie."

Akaangua kicheko, na mara kikageuka machozi. Kumbe ana sauti nzuri, nzito, ya kuimba.

"Mama Mwajuma, baba ameshaita fundi. Anakuja Jumamosi kumkata."

"Kumkata nini?"

"Ule uzi wa chini ya ulimi. Anasema ndio umemfunga."

Nimeshaona Kaloleni mtoto aliyekatwa hivyo na mtu wa wembe. Alivuja damu mpaka shuka likawa zito, na aliponea hospitali. Akabaki vile vile hasemi, ila sasa na kula anaogopa.

"Umemwambia hutaki?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama amepanda mlima Meru kwa kurudi nyuma. "Nimwambie? Mimi? Kwa mdomo?"

"Joeli je?"

"Yuko mlimani, simu haipatikani. Na akipatikana atasema baba anajua."

Basi nikaanza kazi. La kwanza ni masikio, na hili mlishike: kabla hujamlaumu mama wala ulimi, angalia kama mtoto anasikia. Nilisimama nyuma ya Elisha nikafungua peremende polepole. Akageuka kabla karatasi haijaisha kulia. Lakini peremende si kipimo cha hospitali, kwa hiyo nikamwomba mzee ruhusa, nikaenda na Elisha na mama yake zahanati, mtoto apimwe na wenye kazi yao. Muuguzi akaangalia masikio, akaangalia kinywa, akasema kote hakuna tatizo, mtoto asemeshwe. Asemeshwe sana.

Nikarudi na habari hiyo barazani.

"Mzee, wamesema masikio mazuri, ulimi mzuri. Asemeshwe."

"Na nani?"

"Na mama yake."

"Mama yake ana heshima."

"Na wewe?"

"Mimi nimsemeshe nini mtoto? Nimuulize bei ya mbolea?"

Nikamwita Elisha, nikampaka asali juu ya mdomo. Ulimi ukatoka, ukazunguka kote, ukafika karibu na pua.

"Unaona? Ulimi uliofungwa haufiki huko."

"Kulamba si kusema," akasema. "Mama Mwajuma, migomba yako ina funza. Ungeanza na hiyo."

Nikaondoka na hasira zangu. Jeuri kama ile naiheshimu, mimi mwenyewe ninayo.

Nikamwambia Upendo aanze bila kungoja mtu. Akimwogesha mtoto ataje maji, ataje mguu, ataje sabuni. Akichambua mboga ataje. Kimeru, Kiswahili, chochote anachootea ndoto, maana mtoto hachanganyikiwi na lugha mbili, anachanganyikiwa na lugha sifuri. Upendo akafanya. Alifanya usiku na mchana, masikini, lakini kwa kunong'ona, ili baba asisikie. Zikapita siku chache, akaniita kwa furaha nije nione. Nikakaa mbele ya Elisha. Upendo akainua kikombe, akakishika, akasubiri, kama nilivyomfundisha. Na Elisha akafungua mdomo, akaukunja, akaufumba, "maziwa" kamili kwa midomo, bila sauti hata kidogo. Pumzi tu.

Miaka yote ile, sijawahi kufundisha mtoto kunong'ona. Huyo akawa wa kwanza.

"Mwanangu," nikamwambia, "anakuiga vizuri sana. Ndiyo shida yenyewe."

"Nikipaza sauti baba atasikia."

"Ndiyo. Atasikia. Ama asikie wewe, ama Jumamosi asikie mtoto anavyolia."

Akavuta sufuria ya mchicha, akaanza kuchambua.

Jumamosi nilifika mapema nikakaa barazani bila kualikwa. Fundi akaja na pikipiki, mtu mpole, kijimkoba kwapani. Mzee akamkaribisha kiti, akakohoa kikohozi cha kuita. Upendo akatoka jikoni na Elisha amembeba kiunoni. Nilitaka kusema mimi. Mdomo ulishafunguka. Lakini nilimwona anavyopumua, nikaufunga, maana hata mtu mzima ukimwahi kabla hajaomba hutamsikia kamwe.

Akasimama katikati ya uwanja.

"Baba," akasema. "Mtoto hakatwi."

Kwa sauti ile yake nzito. Kuku waligeuka. Mzee Eliya hakumtazama. Alitazama nguzo ya nyumba, kama ndiyo iliyosema. Miaka yote tangu ndoa hakuwahi kusikia sauti ile. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama Mwajuma, mwambie mke wa mwanangu kwamba fundi ameshatoka mbali."

"Baba," Upendo akajibu mwenyewe, mimi sijameza hata mate, "fundi nitampa chai, atakunywa, ataenda. Mtoto wangu hakatwi."

"Mwambie ulimi wa mtoto umefungwa."

"Haujafungwa, baba. Hana wa kumsemesha. Mimi nanyamaza kwa ajili yako, na yeye ananyamaza kwa ajili yangu. Nikikukosea unisamehe, nitakwenda kanisani, nitapiga magoti, lakini hakatwi."

Elisha alikuwa amemshika mama yake kidevu kwa mikono miwili, amemgeuza uso, anaangalia ndani ya mdomo kutafuta sauti ile inatoka wapi. Hilo sitalisahau.

Fundi alikuwa mtu wa kuelewa. Akasema yeye na mama asiyeridhia hafanyi kazi, na chai kama ipo si mbaya. Mzee akakaa. Mwisho akaniambia, bado anaangalia nguzo, "Mwambie basi aseme. Ila asiseme na mimi. Aseme na mtoto. Mimi nitakuwa sisikii."

Hivyo ndivyo sheria ilivyowekwa. Upendo alisema kutwa nzima jikoni, na mzee alishinda barazani hasikii. Hasikii kiasi kwamba mama akisema "huyu ni ng'ombe mweusi," sauti kutoka barazani inasema, kwa nguzo, "Si mweusi. Ana baka." Hasikii mpaka mwenyewe akaanza kumchukua Elisha zizini kumtajia ng'ombe mmoja mmoja kwa majina na ukoo na tabia mbaya za kila mmoja, kwa sababu, aliniambia, mwanamke hawezi kumfundisha mtoto ng'ombe.

Nikarudi kwenye migomba yangu. Ilikuwa na funza kweli. Elisha akatoa "ma," akatoa "ng'o," sauti ndogo zenye kutu. Niliwaambia wasihesabu siku na wasimlinganishe na mtoto wa mtu, wamjibu tu.

Mvua zilipokatika, asubuhi moja namwona Mzee Eliya anavuka mfereji na mguu wake mbovu. Hakuwa amewahi kuja kwangu. Nikaogopa.

"Kuna nini, mzee?"

"Umeniharibia mtoto."

"Amefanya nini?"

"Nimemwita chakula. Mimi, babu yake. Ameniambia 'sitaki.'"

"Kwa sauti?"

"Majirani wote wamesikia! Nimepita kwa mchungaji, nimepita dukani, nimewaambia wote, mjukuu wangu hana adabu hata kidogo. Njoo usikie mwenyewe, usije ukasema namsingizia."

Tukaenda. Mwendo wake siku ile mimi sikuuweza. Tukafika barazani, Upendo yuko jikoni anaimba, Elisha yuko ndani ya migomba na matope mpaka kiunoni. Mzee akajiweka sawa kwenye kiti, akaita kwa sauti kubwa ambayo sikujua anayo.

"Elisha! Njoo ule!"

"Sitaki!"

"Umemsikia?" Akajipiga paja, macho yamemlowa. "Umemsikia huyu mshenzi?"

"Nimemsikia, mzee."

"Hapana, hujamsikia vizuri, umesimama mbali." Akaita tena. Na chakula kilikuwa kimeshaliwa zamani, vyombo vimeoshwa.